Samadi ya Sangara

Kokulinda alijaliwa pua ambayo hakuiomba. Kwa miaka mingi alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, na siku ya kwanza kazini kila mtu alimwambia kwamba baada ya wiki moja hatasikia tena harufu. Wenzake walizoea kweli. Walikula ugali wao kwenye benchi la nje wakipiga soga, magamba yakiwa yamewaganda mikononi. Yeye, pua yake ilizidi kuwa kali kila mwaka. Alijua kwa kunusa tu kama sangara amevuliwa jana au juzi, kama barafu ilichelewa, kama mtu wa zamu iliyopita hakuosha meza vizuri. Mate yalimjaa kinywani, akayameza, akaendelea kukata.

Lakini kiwanda ni kiwanda. Hakuna aendaye huko kutafuta marashi. Kilichomtia kinyaa hasa ni kwamba harufu ile ilirudi naye nyumbani Mkolani kila jioni. Iliingia kwenye nywele, kwenye mto wa kulalia, kwenye nguo za ndani. Alijisugua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande mpaka viganja vikachubuka, na bado alipoinua kikombe cha chai, samaki alimfika puani kabla chai haijafika mdomoni. Binti yake Precious, alipokuwa darasa la kwanza, alimwambia kwa upole wa mtoto asiyejua uzito wa maneno yake, "Mama, kesho aje baba kunichukua shuleni."

Na jumuiya ya Kikatoliki ya mtaa wao, ambayo husali kwa zamu nyumba hadi nyumba, ilifika kwake mara moja tu. Siku hiyo akina mama walivuta vitenge puani kana kwamba wanafuta jasho, na rozari ikasaliwa kwa mwendo wa watu wanaokimbia mvua. Tangu hapo, kila zamu yake ilipokaribia, lilizuka jambo. Mara msiba, mara mafundisho ya parokia, mara mwenyekiti wao, Justa, mgongo unamsumbua. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angewajibu.

Vidole vilipoanza kufa ganzi kwa sababu ya barafu, aliacha kazi. Alivua buti zake nyeupe za mpira, akazisimamisha kando ya geti la kiwanda, akavaa kandambili, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mawe ya Mkolani yalikuwa yamekisahau. Kokulinda ni Mhaya wa Muleba, na kwao nyumba haikai juani. Hukaa ndani ya migomba. Alileta machipukizi kutoka kwa kaka yake, akayapanda, akafunika ardhi yote kwa majani makavu, tabaka juu ya tabaka, mpaka udongo usionekane hata mahali pa kuchomeka kidole. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya, na bibi yake. Pembeni alipanda mchaichai, kivumbasi na mnanaa. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alitoka, akafikicha jani la mchaichai kiganjani, akavuta pumzi hadi tumboni. Alikuwa ameishi hapo nusu ya umri wake bila kujua nyumba yake yenyewe inanukia nini. Sasa alijua. Ilinukia majani makavu, udongo wenye umande na mnanaa.

Uwanja wa mbele ulikuwa wa mumewe.

Maige, Msukuma wa Kwimba, alikuwa dereva wa serikali mpaka alipostaafu. Kazi yake kubwa, kama alivyozoea kusema, haikuwa kuendesha bali kusubiri. Alisubiri wakubwa nje ya nyumba za Capri Point na Isamilo, mitaa ya kitajiri ya Mwanza, akitazama nyasi zilizokatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya ukaguzi. Akajiapia kwamba siku moja naye atakuwa nazo. Basi alipostaafu alichimbua uwanja wake wa mbele, akapanda vipande vya ukoka mstari kwa mstari, akamwagilia asubuhi na jioni, akakataza mtu yeyote kukanyaga.

Mdogo wake, Nkwabi, mwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, alipita kuwasalimu na kuukuta uwanja umeanza kuchipua.

"Kaka, umepanda nyasi."

"Ndiyo."

"Ng'ombe wanakuja lini?"

"Hakuna ng'ombe."

"Hata mbuzi?"

"Nkwabi, hizi ni za kutazama."

Nkwabi alimgeukia Kokulinda. "Shikamoo shemeji. Mlishe vizuri huyu mtu. Kwetu, mwanamume akianza kutazama nyasi ambazo hazina wa kuzila, ndugu huitwa wakae kikao."

Baadaye ikaja mashine ya kukata nyasi, nyekundu, ya mtumba, yenye injini ya petroli na kisirani cha punda. Kamba yake ya kuwashia ilivutwa mpaka bega la Maige likapakwa dawa ya kuchua. Ikiwaka, ilikutana na jiwe. Mkolani ukichimbua jiwe, chini yake unamkuta baba yake, na chini ya baba yupo babu. Kisu cha mashine kililia, kikapinda, kikapelekwa kwa Revocatus, fundi wa pikipiki pale barabarani, ambaye alisafisha kabureta, akabadili plagi, akanoa kisu, na kila mara alitoa ushauri uleule.

"Mzee wangu, hii mashine ilizaliwa nchi ya watu wasio na mawe. Hapa Mwanza tunaitesa tu. Chukua kwanja la mkono, ufyeke, ukanywe chai."

"Wewe noa."

"Nanoa, mzee. Mimi si nakula kwa hiyo hiyo mashine?"

Kokulinda hakuingilia. Mume mwenye kazi ya kumchosha ni mume asiyekaa jikoni kuuliza chumvi. Alimwachia mbele, naye akabaki nyuma na migomba yake, na waliishi hivyo kwa amani mpaka kiangazi cha mwaka huo kilipougeuza ukoka wa Maige kuwa na rangi ya mkeka wa zamani.

Kiangazi hichohicho, Justa alifika. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama kati ya migomba, akavuta pumzi bila kujua kwamba anatazamwa.

"Dada Koku, hapa pamekuwa pazuri namna hii tangu lini?"

"Tangu niache kazi."

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao jumuiya ni kwako. Nimewasimulia watu juu ya bustani hii, wanataka kuiona. Safari hii hakuna cha msiba wala mgongo."

Kokulinda alijibu kwamba sawa, kana kwamba ni jambo dogo. Justa alipoondoka, alikaa chini kwenye majani makavu. Alitaka kitu kimoja tu: watu waketi nyumbani kwake, wavute pumzi, na asiwepo hata mmoja wa kufunika pua.

Kisha shangazi yake akafariki Muleba. Alikwenda kuzika, akakaa na wafiwa, akasaidia kupanga mambo ya shamba la marehemu, na ziara ya msiba ikazidi wiki mbili. Alirudi katikati ya wiki ile ya zamu yake. Basi lilipovuka daraja la Kigongo alianza kuhesabu vikombe kichwani.

Alishuka Mkolani, akapandisha kichochoro akiwa na mfuko wa senene waliokaangwa na kikapu cha ndizi, akasukuma geti. Jambo la kwanza aliloliona ni uwanja wa mumewe. Ukoka ulikuwa umeiva kijani kibichi, mnene, wenye kung'aa kama uliopakwa mafuta. Alifungua mdomo ili asifu.

Jambo la pili lilimfikia kabla hajasema. Liliingia puani, likashuka kooni, likakaa. Samaki. Si samaki wa jana wala wa juzi. Samaki aliyepita hatua zote alizozijua kiwandani na kwenda mbele zaidi, mpaka pale ambapo nyama si nyama tena bali ni uji unaochemka bila moto. Mate yalimjaa. Aliweka kikapu chini.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kokulinda hakutazama ardhi, hakutazama ukuta wala jalala la jirani. Alifungua kwanza mfuko wa senene; walikuwa salama. Kisha aliinua mkono wake mwenyewe, akanusa kiwiko. Akanusa kitenge. Akanusa ncha za nywele. Na kila aliponusa, aliisikia.

Maige alitoka sebuleni mbio kumpokea, akasimama hatua chache kutoka kwake.

"Karibu, Mama Precious. Pole na msiba. Safari imekuchosha, ingia ukaoge."

Akaoga. Alitumia limau zote zilizokuwa jikoni, akajisugua kwa kamba ya katani kama enzi zile. Alipotoka bafuni na kusimama barazani, harufu ilikuwa palepale, ikimsubiri. Alirudi akaoga tena. Kisha akamfuata mumewe, aliyekuwa ameinamia mashine yake akikaza nati.

"Baba Precious, niambie ukweli. Nanuka?"

Maige aliitazama nati. "Labda ni basi," alisema. "Mabasi siku hizi yanabeba samaki."

Kuanzia hapo Kokulinda alihamia chumba cha binti yake, ambaye sasa ni muuguzi Dodoma. Alifua kila alichorudi nacho kutoka Muleba. Alichemsha maji ya kivumbasi, akajifukiza chini ya blanketi mpaka macho yakavimba. Hakula wali uliopikwa na mikono yake mwenyewe. Alimpigia Precious simu, akazungukazunguka, akauliza habari za wagonjwa, mwisho akauliza kama upo ugonjwa unaoweza kulala miaka ndani ya mwili halafu ukarudi na harufu yake.

"Harufu gani, mama?"

"Ya kiwanda."

"Mama, hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Baba anasemaje?"

"Anasema ni basi."

Nzi walijaa, wale wakubwa wa kijani, wakatembea juu ya vyandarua na kwenye kingo za vikombe. Korongo, wale ndege wenye vipara wanaozunguka majalala ya mji, walishuka kutoka angani na kusimama juu ya ukuta wa mbele, mabega yamepanda, kimya, kama wazee waliokuja kudai mahari. Kokulinda aliwatazama kupitia dirisha. Alijisemea, hata korongo wamenijua.

Ijumaa alifanya uamuzi ambao ulimkata maini. Alijifunga kanga mbili, akashuka hadi kwa Justa, akasimama mbali na mlango.

"Ingia, dada Koku. Mbona umesimama kama mdai?"

"Nasemea hapa hapa. Nimekuja kuomba kesho jumuiya ihamie kwa mtu mwingine. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Naumwa tu."

Justa alitoka nje. Kokulinda alirudi nyuma hatua, Justa akasogea, mpaka mgongo wa Kokulinda ukagusa ukuta wa choo cha jirani. Alifumba macho asione kitenge kikipanda puani. Alipoyafumbua, Justa alikuwa amemshika paji la uso kupima homa.

"Huna joto," Justa alisema. "Unanukia limau kama umelala ndani ya tenga la sokoni, lakini homa huna."

"Husikii kitu kingine?"

"Kama nini?"

Kokulinda alivuta pumzi pale uani kwa Justa, taratibu, kwa pua yake ile kali. Alisikia jiko la mkaa. Alisikia nepi za mjukuu wa Justa kwenye kamba. Alisikia limau. Samaki hakuwepo.

Alipanda kichochoro kwa haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu. Alifika getini akasikia mashine inanguruma. Maige alikuwa amevaa buti na kofia yake ya udereva, akisukuma mashine yake juu ya ukoka mnene ili uwanja upendeze kwa ajili ya kesho. Kokulinda aliona gurudumu la mbele likizama. Ardhi ilifunguka chini yake kama utando wa maziwa, laini, ikitoa mapovu. Mashine ikainama, kisu kikashuka, kikauma kitu kisicho nyasi wala jiwe.

Ikatapika. Hakuna neno jingine linalofaa. Kutoka ubavuni ilirusha tope la kijivu lenye vipande vya matumbo, magamba, ngozi iliyolegea kama kitambaa cha deki, na funza, funza weupe wanono, wengine wazima wakijinyonganyonga hewani. Tope lilipiga ukuta. Lilipiga mashuka meupe aliyoyaanika kwa ajili ya kutandika meza ya sala. Taya la sangara, lenye meno yake yote, lilipita karibu na sikio la Kokulinda, likagonga geti na kudondoka miguuni pake. Kisha uti wa mgongo wa samaki mkubwa ulijikunja kwenye kisu, injini ikakohoa, ikazima.

Korongo walisogea ukutani kwa hatua moja, wote pamoja.

Kokulinda alitapika kando ya geti, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasimama. Mumewe alikuwa na matone ya kijivu kwenye kofia na kwenye masharubu.

"Nilitaka kukushtukiza," Maige alisema.

"Umenishtukiza."

"Nyasi zilikuwa zinakufa, na wageni wako wanakuja. Nkwabi akasema anapeleka mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, na matumbo kwa wafuga nguruwe, nikamwambia aniletee na mimi. Tulichimba mifereji, tukafukia, tukamwagia na maji ya damu. Kwetu Kwimba boma lililohamwa na ng'ombe ndipo mahindi yanapokuwa marefu. Nikasema, hapa Mwanza samaki ndiye ng'ombe. Samadi ni samadi."

Kokulinda aliisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho. Alikulia kwenye migomba. Alijua samadi tangu hajajua kusoma.

"Samadi imepita tumboni mwa ng'ombe," alisema. "Ikakaa zizini, ikanyeshewa, ikapigwa na jua, mpaka ikasahau ilikuwa nini. Hii hapa haijasahau, Maige. Hii inajua jina lake."

Hakumwita Baba Precious, na wote wawili walilisikia hilo.

"Itaisha tu," Maige alisema. "Nilidhani mpaka Jumamosi itakuwa imeisha."

"Nilikuuliza kama nanuka."

Maige alivua kofia.

"Nilikuuliza, ukaniambia ni basi. Ulinitazama naoga mara mbili. Umenitazama nafua, najifukiza, nalala chumba cha mtoto kama mwenye ukoma, na wewe unajua kilichoko chini ya dirisha lako. Hizi takataka nimezishika miaka na miaka, zikioza zinaoza, hazina akili. Wewe una akili."

Alipomtazama wakati ule, kinyaa kilichompanda kooni hakikutoka kwenye tope. Alikuwa ameolewa na mtu huyu alipokuwa binti. Alimjua akiwa mgonjwa, akiwa amelewa, akiwa na majipu mgongoni, na hakuwahi kumwonea kinyaa hata siku moja. Sasa alitazama vidole vyake vilivyoshika kofia na hakutaka vimguse.

"Mpigie mdogo wako," alisema. "Alizileta, atazibeba."

Nkwabi alikuja na toyo yake. Alipofika getini alianza, "Shemeji, nasikia ng'ombe wa ziwani amefufuka," kisha akauona uso wake, akachukua sepetu bila kumaliza. Wanaume wawili walifungua uwanja. Ukoka ulinyanyuka vipande vipande kama zulia bovu, na chini yake mifereji ilikuwa imejaa uji mzito wenye mifupa, ukipumua. Nkwabi, anayebeba mizigo hiyo kila wiki, alijifunga shati usoni. Maige alitapika mara kadhaa, akaendelea kuchota. Kokulinda hakuwapelekea maji. Aliketi barazani akiwatazama, na kila waliposema sasa imetosha, alinusa, akanyoosha kidole: pale, na pale, na pale chini ya jiwe.

Toyo ilibeba, ikarudi, ikabeba tena. Hata hivyo majimaji yalikuwa yameshazama kati ya mawe mahali ambapo sepetu haifiki. Jua lilipoelekea kuzama, uwanja ulikuwa umebaki mashimo matupu, na kwa kuwa sasa ulikuwa wazi, harufu ilikuwa mbaya kuliko asubuhi.

"Mama Precious," Maige alisema akiwa amesimama ndani ya shimo, "tuahirishe. Nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, nitasema tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

Maige alirudi kuchota.

"Mimi nimeahirishwa vya kutosha," alisema Kokulinda. "Watu watakuja kesho. Na wewe utasimama pale getini, na kila atakayeingia utamwambia harufu hii ni ya nani. Si kwa tangazo la jumla. Mmoja mmoja."

"Wote?"

"Wote."

"Hata vijana?"

"Hata mtoto wa mgongoni, kama anasikia."

Jumamosi asubuhi jumuiya ilipandisha kichochoro ikiimba kwa sauti ya chini. Kabla ya kufika getini wimbo ulipungua, kisha ukakatika, na vitenge vikaanza kupanda, kimoja, viwili, vyote. Kokulinda alikuwa amesimama barazani, amevaa gauni lake la Pasaka. Aliviona vile vitenge, lakini hakuingia ndani.

Maige alikuwa getini. Alikuwa ameoga, na haikumsaidia.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema bibi wa kwanza, kitenge mdomoni.

"Milele, amina. Shikamoo mama. Hii harufu unayoisikia ni yangu mimi Maige. Nilifukia matumbo ya samaki ili nyasi ziote. Karibu."

Bibi alimtazama, akatazama mashimo, akasema "Marahaba, mwanangu," na kuingia.

"Baba Precious," Kokulinda aliita kutoka barazani. "Hujamaliza."

Maige alimgeukia bibi. "Si ya mke wangu," alimwambia kwa nyuma. "Nilimwacha afikirie ni yake. Si yake."

Aliwaambia wote hivyo. Alimwambia katekista. Aliwaambia akina mama watatu waliokuwa wakiishi mtaa uleule tangu enzi za kiwanda, na hao walitazama chini. Alimwambia kijana wa kwaya, ambaye alibanwa na kicheko akajifanya anakohoa. Sauti ya Maige ilizidi kukauka, na hakukuwa na mahali pa kuificha aibu yake kwenye uwanja ule mtupu. Kila aliyeyapata maneno hayo alifika barazani akampa Kokulinda mkono, na wengine waliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya salamu.

Justa alifika mwisho. Alisikiliza maneno yote ya Maige, akakishusha kitenge chake.

"Tumesikia, baba," alimwambia. "Na sisi tunayo yetu ya kumwambia. Ya zamani." Akapita.

Walisali nyuma, kati ya migomba, wakiwa wameketi juu ya majani makavu. Harufu iliwafuata hata huko, haikumsitiri mtu. Wengine walivumilia, wengine waliziba pua wazi wazi, na katekista alisoma somo akipunga nzi kwa kitabu. Kokulinda aliwatazama waliofunika pua na kugundua kwamba hawamuumizi. Walikuwa wanaziba pua kwa sababu ya samaki wa Maige, na yeye mwenyewe, kwenye fumbo la tatu la rozari, alichukua ncha ya kitenge chake akaziba ya kwake.

Baada ya sala, Justa na akina mama wale watatu walibaki wakiosha vikombe naye, na yaliyosemwa pale kwenye beseni yalisemwa kwa sauti ya chini na hayakuwa marefu. Maige alikuja akasimama mbali kidogo na mlango wa jikoni.

"Nimewaambia wote," alisema.

"Nimekusikia."

"Yamekwisha, basi?"

Kokulinda alimimina chai kwenye kikombe, akaweka sukari kama mumewe anavyopenda, akakitoa nje kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho, na yeye mwenyewe akabaki ndani.

"Bado," alisema. "Chai yako hii. Kanywee kule kwenye nyasi zako."

Maige alipokea kikombe. Alikwenda nacho mbele, akatafuta mahali pa kukanyaga kati ya mashimo, akasimama hapo akinywa, mkono mmoja ukifukuza nzi. Kokulinda alichungulia dirishani kuhakikisha amebaki huko, kisha akafunga dirisha.